Kasoro ya Upande wa Kulia

Mama Waya hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa karakana kwa kiwiko, akaingia na gunia begani, akalimwaga palepale katikati ya sakafu. Kontrola za gemu za kompyuta, nyeusi zote, thelathini kasoro mbili, zilitawanyika hadi chini ya meza huku waya zikizifuata nyuma.

"Haya, kaka Gumba," alisema akihema. "Si umesema zitupwe? Nimekuja kutupa."

Gumba alikuwa ameinamia televisheni ya mteja, bisibisi mkononi. Mdomo ulimbaki wazi. Katika miaka yote ya kutoa hukumu zake hakuna muuzaji aliyewahi kumfuata nyumbani, sembuse mwanamke wa makamo mwenye gunia, asubuhi ya Jumamosi, chai yenyewe haijapoa.

"Dada, hata salamu?"

"Salamu utaipata ukishanisikiliza."

Hukumu hizo, tuseme ukweli, hakuna aliyempa kazi ya kuzitoa. Gumba alikuwa fundi wa televisheni na kompyuta, mtu wa miaka hamsini na miwili, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Jina alilipata ujanani, enzi za vibanda vya gemu, alipokuwa akiwafunga watu mfululizo mpaka mwenye kibanda anamwomba aende nyumbani kidogo, wateja wengine wasije wakakata tamaa. Kidole gumba chake cha kulia, walisema, kina akili zake peke yake. Wenzake wa enzi hizo waliacha gemu, wakaota vitambi, wakapata wajukuu. Yeye jina lilimganda, na kidole hakukistaafisha. Kila mwezi alijirekodi kwa simu akilinganisha kontrola: hii bei gani, inafanya kazi gani, hela yako inakwenda wapi. Mwisho alitoa hukumu, na hukumu zilikuwa tatu tu. Chukua. Inafaa kwa shida. Tupa. Hiyo ya tatu aliitamka kwa raha zake, akiivuta, na watoto wa mtaani walimpigia kelele "Tupaaa!" kila alipokwenda kununua mkate.

Maelfu walimtazama, na walimwamini. Akisema chukua, watu wanachukua. Akisema tupa, duka la mtu linapata msiba.

"Mwaka jana," Mama Waya alisema, "kontrola hizihizi, kiwanda hikihiki, ulisema chukua. Nikafurahi kama mtoto. Nikachapisha picha yako, umenyanyua hicho kidole chako, nikaibandika mlangoni pa duka. Wiki tatu zilizopita umesema tupa. Watu wanakuja kunirudishia vitu chini ya picha yako, kaka. Wananionyesha picha, wananionyesha simu, wananiuliza wamsikilize Gumba yupi."

"Kiwanda kimeharibu kazi. Mwanzo wanatengeneza vizuri, wakishapata jina wanalegeza. Si wewe peke yako, dada. Karibu zote za bei poa mwaka huu zimeoza."

"Mimi sijui za wengine. Mimi nina duka moja. Mwezi huu ukipita hivi, nafunga, na nikifunga sifungui tena. Nimekuja unipimie mbele ya macho yangu."

Gumba alivuta kiti akakaa. Hasira ilikuwa imeanza kumpanda, lakini pia aliona kuna haki katika ombi hilo. Kama mtu anataka kuona, aonyeshwe. Aliwasha kompyuta.

Kipimo chake alikitengeneza mwenyewe na alikiita mapacha. Unashika kontrola kama kawaida. Kidole gumba cha kushoto unakiweka kwenye mshale wa chini, cha kulia kwenye kitufe cha chini, halafu unabonyeza vyote viwili kwa pamoja, mara ishirini. Programu inaikata sekunde moja vipande elfu, inahesabu upande mmoja umechelewa vipande vingapi nyuma ya mwenzake, na inaandika kwa herufi kubwa ni upande gani uliochelewa. Kontrola nzuri haivuki vipande kumi na tano. Ikivuka arobaini, anayecheza anaonekana goigoi wakati yeye hana kosa. Ndivyo Gumba alivyowaelezea watu, na maneno hayo, "yeye hana kosa", aliyapenda sana.

Aliokota kontrola moja sakafuni bila kuchagua, akaichomeka, akabonyeza mara ishirini.

Sitini na moja. KULIA.

"Umeona?"

Mama Waya aliokota nyingine, akampa. Hamsini na tisa, kulia. Nyingine. Sitini na tatu, kulia. Kila namba ilipotokea kwenye skrini alirudi nyuma kidogo, na baada ya ya tatu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kujishika kichwa. Alikuja na uhakika kwamba Gumba anamwonea. Sasa aliona kwa macho yake mwenyewe.

"Mpira wa chini ya kitufe," Gumba alisema, sasa kwa upole, maana ushindi humlainisha mtu. "Kulia ndiko kunakobonyezwa zaidi, na wao ndiko walikopunguza mpira. Yote naandika humu." Akafungua daftari lake la jalada gumu, akaanza kujaza namba.

Mama Waya alichungulia. "Unaandika au unatia nukta? Mbona siwezi kusoma hata neno?"

"Na wewe umeanza? Mke wangu naye ndiyo wimbo wake. Ati nabania hadi wino."

Mke wake alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na cherehani yake ikivuma. Alikuwa fundi wa nguo kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia shati. Aliyemrudishia ni mumewe. Miezi michache nyuma Gumba alilalamika kwamba matundu ya vifungo siku hizi anayakata madogo, kifungo hakipiti, mtu anahangaika nacho mpaka chai inapoa. Waligombana wiki nzima. Mwisho Gumba aliyaacha mashati kabatini, akawa mtu wa fulana, na ndani ya nyumba ile neno kifungo likawa halitajwi.

Mama Waya aliinua kichwa. "Na ile yako ya bei mbaya?"

Macho ya Gumba yalikwenda yenyewe kwenye rafu ya juu. Pale lilikaa boksi moja jeupe, ndani yake kontrola iliyofungwa kwa kitambaa laini alichokikata mkewe kwenye masalia. Kwa bei yake ungenunua nane za Mama Waya na ukabaki na chenji. Hakuichezea, aliihifadhi kama kipimo cha vipimo. Katika kila jedwali alilowaonyesha watu, mwezi baada ya mwezi, ilikaa juu kabisa na namba yake moja: nne.

"Ile ilipata nne."

"Lini?"

"Siku niliyoinunua."

"Siku hiyo ilikuwa lini?"

"Mwaka juzi."

Mama Waya alisimama kwenye ndoo. "Ngoja nielewe, kaka yangu. Zetu unazipima kila mwezi. Hiyo ulipima mara moja mwaka juzi, ukaiweka kitandani, na tangu hapo unaiandikia nne ikiwa usingizini?"

Gumba alitaka kucheka, kicheko kikamkataa. Hakuwa amewahi kulifikiria hivyo. Ilikuwa nne, imehifadhiwa, haiguswi, ingebadilika vipi? Lakini namna mwanamke huyu alivyolisema, jambo lenyewe lilisikika la aibu. Alipanda kwenye kiti, akalishusha boksi, akaifungua kontrola kwenye kitambaa chake na kuichomeka.

"Angalia sasa," alisema. "Uone hela inanunua nini."

Alibonyeza mara ishirini.

Sitini na mbili. KULIA.

Aliitazama namba ile kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la vifo. Akabonyeza tena mara ishirini, taratibu, kwa umakini wote alionao. Sitini na nne.

"Lo!" Mama Waya alisema, mkono mdomoni.

"Waya," Gumba alisema. "Itakuwa waya." Akabadilisha waya. Sitini. "Tundu la kompyuta." Akahamishia tundu la nyuma. Sitini na tatu. Akaivuta kompyuta ya mteja iliyokuwa inasubiri kuchukuliwa, akaiwekea programu yake bila ruhusa ya mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachomeka kontrola ya bei mbaya. Sitini na moja. Kulia, kulia, kulia.

"Imekufa," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Imekufa ikiwa kwenye boksi."

"Hebu nipe."

Hakumpa. Mama Waya aliichukua tu mikononi mwake, akakaa kwenye ndoo, akaishika kama alivyowaona wateja wakishika, akabonyeza mara ishirini huku ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

Tisa.

Halafu Mama Waya, aliichomoa ile ya bei mbaya, akachomeka mojawapo ya zake kutoka sakafuni. Kumi.

"Kumi!" alipiga kelele. "Kontrola yangu kumi! Ya kwako tisa! Nane za kwangu kwa moja yako, na tofauti ni kipande kimoja!"

"Unabonyeza vibaya."

"Nabonyeza vibaya napata vizuri?"

"Wewe ni mfanyabiashara, dada, una lako humu. Utakuwa unaona namna ya kuichezea." Gumba mwenyewe alijisikia alivyokuwa akisema upuuzi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Akaita kwa sauti, "Mama watoto! Njoo mara moja!"

Cherehani ilinyamaza. Mke wake alitokea kwenye pazia, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni, pini mbili zimebanwa midomoni. Alizitoa, akatazama sakafu iliyojaa kontrola, akamtazama Mama Waya.

"Wifi, karibu. Nyumba yangu imekuwa bohari?"

"Wifi, wewe njoo tu. Hapa kuna mambo."

Gumba alimwekea kontrola mkononi. Huyu hakuwa amewahi kushika kitu hicho maisha yake yote. Alikuwa akiziita zile takataka zenye masikio. Aliigeuza juu chini, akaishika kinyume, mbele kukiwa nyuma, ikabidi arekebishwe. Akaonyeshwa mshale, akaonyeshwa kitufe. Akabonyeza kwa uvivu, mawazo yake yakiwa kwenye suruali ya mtu aliyoiacha nusu.

Kumi na mbili.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" aliuliza.

Mumewe alikuwa ameshampa ile ya bei mbaya. Kumi na moja.

"Nimeshinda? Mbona mnanitazama hivyo?"

Gumba alichukua kontrola ileile kutoka mikononi mwake, bado ina joto la viganja vyake, akabonyeza mara ishirini. Sitini na mbili. Mwanamke ambaye hajui hata kuishika amepata kumi na moja. Yeye, Gumba, sitini na mbili.

Sasa, fundi ana tabia moja, na tabia hiyo hufanya kazi hata akili ikiwa imesimama. Taa isipowaka, hakai kukisia. Anabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine, na kasoro ikihama na kifaa, amekipata kibovu. Gumba alikuwa ameshabadilisha kontrola. Alikuwa amebadilisha waya, tundu, kompyuta. Kilichobaki bila kubadilishwa kilikuwa kimoja.

Aliiweka kontrola mezani. Akapitisha mkono wa kulia juu ya mkono wa kushoto, mikono ikapishana kama ya mtu anayejikumbatia, kidole gumba cha kulia kikatua kwenye mshale, cha kushoto kwenye kitufe. Akabonyeza mara ishirini.

Sitini. KUSHOTO.

Kasoro ilikuwa imehama na mkono.

Alibonyeza tena. Kushoto. Akaurudisha mkono mahali pake. Kulia. Akapishanisha. Kushoto. Mama Waya, ambaye kwanza hakuelewa, alielewa ghafla, akarudi nyuma mpaka akakanyaga kontrola zake mwenyewe. Gumba alikigeuza kiganja juu, akakitazama kidole kile kilichompa jina. Kilikuwa vilevile, kinene, na kovu la kuungua na solda, ile risasi ya kuungia waya, kwenye kucha. Alikiamuru kikunje, kikakunja. Lakini safari hii alikuwa anakitazama, na akaona kwamba kati ya amri na kukunja kulikuwa na kitambo.

Mkewe hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anamtazama kifuani, kwenye fulana.

"Matundu yangu hayakuwa madogo," alisema polepole.

Alisema bila lawama hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha Gumba kuliko namba zote.

Walikaa hivyo, watu wazima watatu katikati ya takataka zenye masikio. Aliyeanza kutikisika alikuwa Mama Waya. Aliinama akaanza kuzikusanya kontrola zake na kuzirudisha kwenye gunia, haraka haraka, kama mgeni aliyefumania siri ya nyumba.

"Kaka, mimi naondoka. Nisamehe. Nilikuja na maneno mengi."

"Kaa."

"Sikiliza, ninyi mna lenu sasa. Mimi nisaidie kitu kidogo tu. Sema waya ulikuwa mbovu. Sema hivyo kwenye simu yako, dakika moja, inatosha. Watu wataelewa, duka langu litapona, na wewe hujapoteza kitu. Waya kweli huharibika."

Gumba alimtazama, na ukweli ni kwamba alishukuru. Ulikuwa mlango mzuri, umefunguliwa na mtu mwenye haki ya kuufunga. Waya ulikuwa mbovu, samahanini, kontrola hizi zipo sawa, chukua. Nani angejua? Angebaki na jina lake, maelfu wake, watoto wanaompigia kelele. Kwani atakayemsikiliza mpimaji ambaye kipimo chake kimeoza ni nani? Tena hakikuoza leo. Alijaribu kukumbuka ni maduka mangapi aliyoyatia msiba mwaka huu kwa kidole hiki, akaacha kuhesabu.

Alimtazama mkewe, akitarajia neno. Mkewe alikuwa amesimama palepale, anaizungusha tepu vidoleni.

"Nikisema waya," Gumba alisema hatimaye, "wale wengine je? Duka lako litapona. Lile la kule kwenye mteremko lilishafungwa mwezi wa tano. Yule alikuwa na waya upi?"

Akaegemeza simu kwenye kopo la solda, akaiwasha. Hakuchana nywele. Hakuanza na salamu zake za siku zote.

"Naitwa Gumba," alisema, halafu akaisogeza simu karibu zaidi. "Mwaka huu nimewaambia mtupe kontrola kumi na nne. Za bei poa. Nimesema zinachelewa upande wa kulia. Tazameni."

Alibonyeza mbele ya kamera kwa mikono iliyonyooka, akaonyesha skrini. Akapishanisha mikono, akabonyeza, akaonyesha skrini. Kisha akampa mkewe kontrola ya bei poa, halafu ile ya bei mbaya, akaonyesha kumi na tatu na kumi na mbili.

"Huyu ni fundi wa nguo. Leo ndiyo siku yake ya kwanza. Mmeona tofauti ya bei, na mmeona tofauti ya kazi. Kontrola hazikuwa na kasoro. Kasoro ni mimi. Zile zote kumi na nne, hukumu nimeifuta. Za huyu dada wa mtaa wa pili, chukueni."

Akazima. Mama Waya alikuwa analia waziwazi, gunia limemning'inia mkononi, na hata hivyo mtu wa biashara hafi ndani yake, maana mlangoni aligeuka akauliza kama picha aiache palepale au aitoe.

"Itoe," Gumba alisema.

Hakuitoa. Hilo Gumba alilijua baadaye.

Watu waliipokea video ile kila mmoja na lake. Wengine walicheka wakidhani ni mchezo. Wengine walimtukana. Mmoja aliandika kwamba baba yake alianza hivihivi, tafadhali mzee nenda hospitali, usikae. Maneno hayo mkewe aliyasoma mara mbili, akaweka simu chini, akaenda kumpangia siku ya kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu.

Siku ya kwenda alimtolea shati kabatini. Alimfunga vifungo mwenyewe, kuanzia chini kwenda juu, na Gumba alisimama kama mtoto anayepelekwa shule, akitazama dari. Kila kifungo kilipita kwenye tundu lake bila taabu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimwambia Gumba agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, kadiri anavyoweza. Mkono wa kushoto ulikwenda kasi. Wa kulia ulianza vizuri, ukafifia, vidole vikawa vinafunguka kidogo kidogo, mpaka vikakaribia kusimama. Gumba aliona. Daktari alimwambia atembee kwenye ukumbi aende na kurudi. Mkono wa kushoto ulibembea, wa kulia ulining'inia tu. Mkewe, aliyetembea na mtu huyu miaka yote, alijishika shavu. Hakuwa ameona.

"Lakini sitetemeki," Gumba alisema. "Wenye ule ugonjwa wa wazee wa mishipa ya fahamu si hutetemeka?"

"Si wote, mzee, na si mwanzoni. Kuna vipimo tutafanya kabla sijalitaja jina lake. Dawa zipo, zinasaidia, wengine wanaendelea na kazi zao miaka mingi. Ninachotaka kujua sasa ni ulianza lini." Alitabasamu kidogo. "Hapa ndipo wagonjwa wote wananishinda. Kila mtu ananiambia zamani kidogo."

Mkewe alifungua mkoba, akatoa daftari la jalada gumu, akaliweka mezani. Gumba hakujua kwamba amelibeba.

Daktari alilifungua. Mwanzo alisoma kwa adabu tu, kama anavyosoma mtu makaratasi asiyoyaelewa. Akaelezwa: vipande vya sekunde, upande wa kulia, tarehe pembeni. Akarudi ukurasa wa kwanza, na safari hii aliinama. Mwaka juzi, nne. Mwaka jana, nane. Mwezi wa kwanza, kumi na tisa. Mwezi wa tatu, ishirini na saba. Wa tano, arobaini na moja. Wa saba, hamsini. Wa tisa, hamsini na nane. Kisha akafanya jambo ambalo Gumba hakulitegemea: akaacha kutazama namba, akaanza kufunua kurasa kwa kasi, mbele na nyuma, akitazama maandishi yenyewe. Ukurasa wa kwanza herufi zilijaa mstari. Katikati zilikuwa nusu ya mstari. Mwishoni zilikuwa kama punje za mchanga zimeshikana mikono.

"Hii nayo ni dalili," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Maandishi hupungua. Sijawahi kuona mtu amejipima hivi, mwezi kwa mwezi, bila kujua." Akaweka kidole pembeni ya ukurasa wa mwisho. "Kuna neno linajirudia hapa kila baada ya namba. Siwezi kulisoma. Ni nini?"

Gumba alivaa miwani. Hakuihitaji. Alilijua neno, na alijua limeandikwa mara ngapi. Lakini alipoliona pale, mbele ya daktari, dogo, kwa mwandiko wake mwenyewe, pembeni ya kila namba ya mkono wake, aliivua tena miwani.

"Tupa," alisema.

Daktari hakuelewa. Mkewe alielewa, akafunika mdomo kwa tepu ya kupimia ambayo alikuwa amesahau kuivua shingoni tangu nyumbani.

Halafu daktari, ambaye kazi ilimsubiri na foleni ilikuwa ndefu nje, alichukua karatasi nyeupe na kalamu, akavisogeza mbele ya Gumba.

"Niandikie sentensi moja, mzee. Yoyote ile. Nataka nione mwandiko wa leo."

Gumba alishika kalamu. Alifikiri. Mkono ulijivuta kwenye karatasi taratibu, herufi zikaanza kubwa kidogo na zikazidi kujikunyata kadiri zilivyokwenda, mpaka daktari ikabidi aigeuze karatasi kwenye mwanga, na mkewe akaegemea bega la daktari ili asome naye.

Alikuwa ameandika: Inafaa kwa shida.